Hotuba ya Mwenyekiti: Tulivyomtafutia Mwenzetu Makao Pwani



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi, tangu tulipoanza mwaka 2015 na sanduku moja, kufuli tatu na daftari la mtoto wa shule. Habari za hisa, faini na mgao mweka hazina atazisoma, hatutaki kumwingilia. Sisi leo tueleze lile jambo la kiwanja cha pwani tu, maana wengi mmekuwa mkiuliza kwa nini kikundi ni kikali hivi kwenye mikopo ya ardhi.

Mwaka 2019 mwenzetu mmoja, mjane, alileta ombi. Mtoto wake anafanya kazi Tanga mjini. Baridi ya huku kwetu, ile ya mwezi wa sita na wa saba, ilikuwa imemmaliza magoti, akataka kuhamia karibu na mwanawe, ila akae kwake mwenyewe. Aliomba shilingi 3,000,000. Hizo zilikuwa karibu fedha zote za sandukuni, yaani jasho la maharage na vitunguu vyetu. Kikao kilichachamaa. Wengine wakasema, pwani sisi tunaijua wapi? Mwisho tulikubali, ila wawili waende naye wakaone kwa macho.

Tulipanda basi Arusha, tukapita Moshi, Same na Korogwe, tukafika Tanga tumechoka na joto linatuchoma. Kesho yake dalali akatupeleka njia ya Pangani kwenye kiwanja cha kwanza. Jamani, kilikuwa kizuri! Minazi, upepo, mchanga mweupe, na bahari iko mbali kabisa. Bei nayo chini. Mwenzetu alikuwa ameshashika mkoba.

Lakini huku Ganako mtu hajengi kabla ya kuuliza wazee maji yalipita wapi mwaka wa El Nino, 1997 kuingia 1998. Udongo wetu mwekundu unakatika, korongo linakufuata hadi mlangoni. Basi na kule tukatafuta mzee. Tukamkuta bibi anasuka makuti, tukamwamkia shikamoo, tukamwuliza. Akacheka.

"Wanangu, mmekuja maji yametoka. Ngojeni yajae."

Tukangoja. Jioni bahari ilikuwa imefika kwenye mizizi ya ile minazi. Bibi akasema na hapo bado si bamvua. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, ndipo maji yanapopanda na kushuka kupita mita 3. Akatuonyesha minazi iliyolala majini ambayo zamani ilikuwa katikati ya shamba. Akatutajia kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani, kwamba kilikuwa na miti, na siku hizi ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa hulioni. Baadaye tukaambiwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Tulipima kwa hatua, hazikufika 40. Dalali, tunaamini, alilijua hilo.

Pa pili palikuwa na nyumba ya vyumba viwili na kisima. Tukaonja maji: chumvi. Jirani akasema zamani yalikuwa matamu, ila waliyavuta mno kwa pampu. Kumbe karibu na bahari maji matamu yanakaa juu ya yale ya chumvi, ukiyamaliza ya chini yanapanda. Ukuta nao ulikuwa unapukutika, matofali yalifyatuliwa kwa mchanga wa ufukweni.

Hayo tungeweza kuombea kupunguziwa bei. Kilichotutoa pale ni kingine. Mama wa nyumba alituletea maji ya kunywa, akatuuliza wageni tumefuata nini. Hakuwa na habari kwamba nyumba yake inauzwa! Mume yuko nje anapatana na dalali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi, lakini hata isingekuwepo, fedha za akina mama wa Ganako zimtoe mama mwenzetu kwake? Tukamwambia ukweli, tukaondoka. Dalali alitutukana, tukamwacha na matusi yake.

Cha tatu tulikipata bila dalali, kijijini, mwendo wa nusu saa kutoka baharini, kwenye mwinuko. Mzee na mkewe walikuwa wanauza kipande cha shamba. Majirani wa pande zote wakaitwa kuonyesha mipaka. Ugomvi ulikuwa wa jina. Kijana alitaka liandikwe lake, ati mama amezeeka. Tulibishana naye mpaka usiku. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na mkopo ulikuwa wa mama. Likaandikwa jina la mama. Fedha tulirudi nazo Karatu, zimeshonewa ndani ya nguo, na tulilipa baada ya Halmashauri ya Kijiji kukaa na kukubali.

Mwaka 2020 watalii walipokosekana na biashara zetu kusimama, marejesho yake kwa simu kutoka Tanga ndiyo tuliyokopeshana kununua mbegu. Alimaliza deni mwaka 2022. Na tangu safari ile hatutoi mkopo wa ardhi mpaka wanachama wawili wamekiona kiwanja na wameongea na mke wa muuzaji.

Mwenzetu leo hakuweza kufika, magoti yamegoma tena kupanda basi. Ametuma gunia la nazi. Liko pale nyuma, kila mwanachama achukue mbili, na anayejua kukuna awafundishe wengine.