Utitiri wa Kuku: Tumjue Adui Kabla ya Kununua Dawa

(Mada iliyotolewa kwa kamati za miradi za sharika, Mbagala)



Ndugu wajumbe na wafadhili wetu, kwa akina mama wengi wa Mbagala kuku ni akiba. Mayai ndiyo daftari na nauli ya mtoto. Kwa hiyo tunaanza kwa kukiri kosa. Utitiri ulipoingia katika mabanda ya mradi, tulinunua dawa ya unga tukawapaka kuku wote. Baada ya wiki chache ukarudi. Fedha za sadaka zilipotea kwa sababu hatukujua tunapambana na nani.

Chawa na viroboto wana miguu sita. Utitiri aliyekomaa ana minane, kwani ni wa ukoo wa kupe, buibui na nge. Kwa mfugaji wa kuku, aina tatu ni muhimu.

Kwanza ni utitiri mwekundu, kitaalamu Dermanyssus gallinae. Mchana hujificha katika nyufa na chini ya vichanja. Usiku hutoka kunyonya damu, na akishiba huwa mwekundu. Huyu ndiye aliyetushinda: sisi tulipaka kuku, yeye yumo ukutani.

Pili ni Ornithonyssus bursa wa nchi za joto. Anafanana sana na wa kwanza, lakini huonekana mwilini mwa kuku hata mchana, hasa karibu na njia ya haja, na katika viota.

Tatu ni Knemidocoptes mutans. Huyu huchimba chini ya magamba ya miguu, mguu ukanenepa na kuota ukoko. Ni jamaa wa yule anayeleta upele kwa binadamu.

Basi tiba hutofautiana. Wa kwanza, safisha banda, choma maranda, ziba nyufa. Dawa ielekezwe huko. Wa pili, tibu kuku na kubadili viota. Wa tatu, osha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha paka mafuta. Dawa yoyote ya sumu itumike kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo.

Ombi letu kwa kamati: kabla ya kuomba fedha za dawa, ingieni bandani usiku na tochi, mkague vichanja, kuku na miguu yao. Andikeni katika taarifa mmemwona wapi na saa ngapi. Huo nao ni uwakili mwema.