Koo la Mtoto na Moyo Wake

Mzazi, mtoto akilalamika koo linamuuma na ana homa, usingoje. Mpeleke kituo cha afya.

Wapo bakteria wa koo ambao wasipotibiwa huweza kuleta homa ya rumatiki. Homa hiyo huharibu valvu za moyo, na mtoto huishi na moyo uliochoka.

Wanaoumia zaidi ni watoto wa nyumba zenye msongamano. Chumba kimoja, watoto watano, dirisha limefungwa: mmoja akiambukizwa, wengine hawachelewi. Zahanati ikiwa mbali na nauli haipo, koo huachwa lipone lenyewe. Tusimlaumu mama. Umaskini ndio unaomfikisha hapo.

Narudia: koo linauma, homa ipo, nenda kituo cha afya. Akipewa dawa, azimalize zote, hata akipata nafuu mapema.

Wiki mbili tatu baadaye, maumivu yakihama kutoka kiungo hadi kiungo, magoti yakivimba, au akihema kwa shida, mrudishe haraka: huenda ni homa ya rumatiki. Aliyekwisha kuugua homa hii asikose sindano yake ya penisilini kwa tarehe aliyopangiwa. Na madirisha ya chumba wanacholala watoto, yafungue kila siku hewa ipite.