Kodi ya Jengo na Aliyelala Mlangoni

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya mipango ya serikali katika miji na jinsi inavyowagusa wakazi na wenye nyumba. Jambo hili ni pana. Nitashika tawi moja tu, kodi ya majengo, kwa kuwa hapo mimi mwenyewe nilikosea.

Kodi hii si ngeni. Sheria yake kwa mamlaka za miji ilitungwa mwaka 1983, na msingi wake ulikuwa thamani: mwenye jengo kubwa alipe zaidi. Lakini miji ilikua upesi kuliko wathamini. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimejengwa mahali pasipopimwa, na kuzithamini moja moja ni gharama kubwa. Ndipo vikaja viwango vya jumla. Mwaka 2016 ukusanyaji ulitoka mikononi mwa halmashauri ukaenda Mamlaka ya Mapato, na Agosti 2021 kodi ikaanza kukatwa katika LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Mwaka 2023 viwango hivyo vilipanda hadi 1,500 na 7,500.

Mpango huu una faida, na ni haki kuisema. Foleni zimepungua, na wengi waliokuwa wakikwepa sasa wanalipa. Lakini umeme hununuliwa na anayewasha taa, naye mara nyingi ni mpangaji. Mdaiwa ni mwenye nyumba. Mkono unaotoa ni wa mwingine.

Nina nyumba moja Temeke, ya vyumba sita na mita tatu. Siku moja mpangaji wangu, mama anayekaanga maandazi, alinijia na daftari la shule. Ameandika kila mara alipokatwa, miezi 14, jumla shilingi 21,000. Akaniuliza, "Baba, mimi hapa nimepanga au nimenunua?"

Sikuwa na jibu. Tena tulipotazama mita nyingine, zote tatu zilikuwa zikikatwa, ingawa nyumba ni moja na ilipaswa kulipiwa mara moja. Nilikwenda ofisi inayohusika mara tatu ndipo mita mbili zikaondolewa. Yule mama nilimrudishia fedha zake na kumwomba radhi. Niliona haya, ndugu zangu, maana kazini ndimi ninayewaambia wananchi wasome stakabadhi zao.

Wale wa bweni letu watakumbuka michango ya mafuta ya taa. Kiranja alipochelewa alimdai aliyelala karibu na mlango, kwa kuwa ndiye aliyekuwa rahisi kumfikia. Huyo hakuwa na deni kuliko wengine. Kitanda chake tu kilikuwa mlangoni. Mpangaji wa leo amelala mlangoni.

Kwa hiyo nasema mambo matatu. Kwanza, sisi wenye nyumba tuandike katika mkataba wa pango kwamba kodi ya jengo ni yetu, na tuipunguze katika kodi ya chumba. Pili, tulio serikalini tusisahau kwamba kiwango kimoja ni chepesi kukusanya, lakini nyumba ya bondeni inayoingiwa na maji kila masika si sawa na nyumba ya ufukweni. Na mwananchi anapouliza mbona mtaro wa mtaani haujazibuliwa, tusimwone mkorofi. Anauliza fedha yake ilikokwenda.

Tatu, ninyi vijana. Mnajifunza hesabu na uraia katika vyumba viwili tofauti. Yule mama aliviunganisha katika daftari moja, akamshinda mtu mwenye digrii. Rudini nyumbani likizo hii, mwangalie mita yenu inakata nini, na ni nani anayelipa.