Mama, Unasafiri na Mutoto? Mafundisho ya Siku ya Kupima Watoto

Mukae. Ninyi mulio nyuma musogee hapa mbele, nafasi ingali. Mizani haijafungwa bado, kwa hiyo tuna wakati wa kuzungumuza kidogo.

Juma lililopita niliuliza wamama waliokosa siku ya kupima: "Mulikuwa wapi?" Karibu wote walijibu neno moja: "Tulisafiri." Mumoja alikwenda kwa kilio kwa bukwe. Mumoja alipeleka mutoto kwa babu yake amuone. Mwingine alimufuata bwana yake kule anakotafuta kazi ya kakao. Siwalaumu. Mwanamuke wa kwetu hakai mahali pamoja, hata akiwa na mutoto wa mwezi mumoja mugongoni. Mimi vilevile ninasafiri. Basi leo tuzungumuze juu ya safari.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe, ijapokuwa inanipa haya.

Mwaka 2009 baba mudogo wa bwana yangu alikufa kule chini, upande wa Beni. Munajua ninyi wote: hapa Butembo tuko juu ya milima, zaidi ya metre 1700, usiku tunajifunika blanketi. Beni si mbali, lakini ukishuka kule joto linabadilika, na mbu wanakuwa wengi. Mutoto wangu wa pili alikuwa na miezi 7. Tulilala kwa kilio usiku tano, inje, juu ya mukeka, pamoja na wamama wengine. Chandarua, ile tunaita mustikere, niliiacha nyumbani juu ya kitanda. Niliona haya kufunga chandarua katikati ya watu wanaolia. Nilisema moyoni, watanena kwamba huyu mama wa hospitali anajivuna.

Tulirudi salama. Siku ya tisa kiisha kurudi, mutoto akapata moto katika mwili. Mimi, muuguzi, mwalimu wa wauguzi, nikasema: "Ni meno." Nikamupa dawa ya homa, akapoa, nikafurahi. Kesho yake moto ukarudi. Nikasema tena: "Ni meno, na baridi ya mulima." Usiku ule mutoto akageuza macho, mikono ikakauka, mwili wote ukatetemeka. Degedege. Bwana yangu akaita moto, tukakimbia gizani, mimi nikimushika mutoto kifuani. Hospitalini walipima damu: malaria kali, na damu yenyewe imepunguka sana. Mudogo wa bwana yangu alitoa damu yake usiku ule ule.

Munganga wa zamu aliniuliza neno moja tu: "Mama, mulisafiri?" Hapo nilielewa. Na wamama, juma moja mbele ya kilio kile nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu alama za hatari za malaria. Nilikuwa nimeziandika kwa ubao kwa mukono wangu.

Mutoto yule yuko. Ni kijana mukubwa sasa, anakula fufu ya watu watatu. Lakini ninawaambia mambo haya kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni hii. Malaria haionekani siku ile mbu ameuma. Inakaa ndani ya mwili siku 7 mpaka 14, mara nyingine zaidi, kiisha homa inatokea. Kwa hiyo unaweza kuwa umekwisha kurudi nyumbani, umefua nguo, umesahau safari, ndipo homa inakuja. Watoto wa huku milimani hawakuzoea malaria kama watoto wa kule chini. Ikiwapata inaweza kuwaangusha upesi. Mutoto akipata homa kiisha safari, usingoje. Siku ile ile umupeleke kwa kituo cha afya apimwe damu, na umwambie munganga: "Tulitoka kule." Akisahau kukuuliza, sema wewe mwenyewe. Siku hizi kuna kipimo cha tone moja la damu, jibu linatoka kabla chai haijapoa.

Ya pili: chandarua isafiri pamoja nawe. Ukiikunja haina uzito kupita vitenge viwili. Mbu wa malaria anauma usiku, basi ni usiku ule mutoto anahitaji kufunikwa. Kama nyumba ya wageni haina misumari, funga kamba kwa madirisha, kwa kiti, kwa muti. Kama ni kwa kilio na mama mukwe anakutazama vibaya, umwambie kwa upole: "Mama, ni mujukuu wako ninamuchunga." Mama mukwe gani atakataa neno hilo?

Na kama degedege imemushika mutoto njiani: umulaze kwa ubavu, mahali pa chini pasipo na kitu cha kumuumiza. Usitie kijiko katika kinywa, wala kidole, wala dawa yoyote, wala mukojo, wala kitunguu. Usimuchome. Umufungue nguo nzito, na ukimbilie kituo kilicho karibu. Vilevile ukiona hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au analala usingizi muzito usioweza kumuamusha: usiendelee na safari. Shuka pale penye kituo cha afya, hata kama umekwisha kulipa mpaka mwisho wa njia.

Sasa tuseme juu ya njia yenyewe.

Moto. Wengi wetu tunasafiri kwa moto kwa sababu barabara yetu munaijua. Ninaona kila siku mutoto mudogo anawekwa mbele ya shofere, juu ya tanki, ashike usukani. Moto ikianguka, mutoto yule ndiye wa kwanza kuruka. Mutoto mudogo akae mugongoni mwa mama, amefungwa kwa kitenge chenye nguvu, na mama asimame na kumutazama kila mara. Wakati wa baridi na vumbi tunawafunika mpaka uso, tunafikiri tunawachunga, na kumbe pumzi inakosa njia. Pua na kinywa viwe wazi. Miguu yake iangaliwe isiingie katika gurudumu, na isiguse bomba la moshi, maana huko ngozi ya mutoto inaungua mara moja. Ikiungua, mwaga maji safi ya baridi kwa dakika 20. Hapana mafuta, hapana dawa ya meno, hapana unga. Kiisha funika na kitambaa safi uende kwa kituo. Na watu wane juu ya moto moja, wamama, hata bei ikipunguka, hapana.

Kamio. Ukipanda juu ya mizigo na mutoto, jua linamupiga saa nyingi kuliko unavyofikiri. Umuvalishe kofia, umupe maziwa mara nyingi. Yule wa chini ya miezi 6 hahitaji maji hata kwa joto. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Lakini mama mwenyewe anywe sana. Wamama wengine hawanywi njiani kwa sababu wanaogopa kuomba shofere asimame. Omba tu. Shofere naye ana mama.

Na hii niliikuta mimi mwenyewe kwa kituo cha magari: mama anamupa mutoto dawa ya kikohozi ili alale safari yote asilie. Dawa ile inaweza kumulaza mpaka pumzi yake inapunguka. Mutoto anayelia njiani anachosha watu, ndiyo. Lakini mutoto anayelia unajua kwamba yuko.

Kwa habari ya kutapika garini, chakula kidogo mbele ya safari kinafaa kuliko kushiba, na akae mahali anapoona mbele. Mengine yanapita yenyewe.

Chakula na maji, hapo ndipo watoto wengi wanaharibika. Usiku mbele ya safari, chemusha maji yapige mapovu kabisa, yaache yapoe na kifuniko juu yake, uyatie katika chupa au bidoni ndogo safi. Hapana bidoni iliyobeba mafuta ya gari, hata ukiiosha mara kumi. Kuomba Mungu mbele ya safari ni vizuri, mimi ninaomba sikuzote. Lakini maombi hayachemushi maji. Kwa mutoto anayekula, ndizi unayoimenya wewe mwenyewe ni chakula kizuri cha njia, na hindi lililochomwa linalotoka kwa moto sasa hivi. Nyama iliyokaa juani pamoja na mainzi tangu asubuhi, muachie yule anayeiuza.

Kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, wakati wa Ebola hapa kwetu Beni na Butembo, kila kizuizi cha barabara kilikuwa na ndoo ya maji, na kila mutu alishuka kunawa. Tulinung'unika sana, munakumbuka. Ndoo nyingi ziliondoka, uchafu haukuondoka. Basi wewe ubebe kipande cha sabuni katika karatasi. Nawa mbele ya kunyonyesha na kulisha, na kila mara kiisha kumubadilisha mutoto.

Akianza kuhara njiani, usimunyime kunywa. Bibi zetu walisema mutoto anayehara asinywe ili kuhara kukome. Kuhara kutakoma, kweli, pamoja na mutoto. Umunyonyeshe zaidi. Beba pakiti mbili za serumu ya kunywa. Zinapatikana kwa kituo. Kama hauna, tengeneza: litri 1 ya maji yaliyochemushwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko vikatwe sawa juu, visiwe na mulima. Onja: isipite chumvi ya machozi. Muangalie kipimo, maana chupa kubwa ya bia haifiki litri 1. (Ninajua wengine hapa wanajifanya kutoijua chupa ile.) Chini ya miaka 2, kiisha kila choo cha maji, umupe robo ya kikombe mpaka nusu, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena. Iliyobaki kesho yake, mwaga. Ukifika, uende kwa kituo wakupe vidonge vya zinki, na uvimalize vyote hata kama kuhara kumekoma. Macho yakiingia ndani, au damu ikionekana katika choo, hiyo si ya kutengeneza nyumbani.

Mukifika kwa jamaa kuna taabu nyingine, nayo ni upendo. Kila shangazi anataka kumulisha mutoto. Wa miezi 3 anapewa uji, maji ya sukari, mchuzi kwa kidole. Kukataa ni vigumu, ninajua. Shauri langu: umupe shangazi mutoto ambebe, amuimbie, amuogeshe. Ukiona kijiko kinakaribia, sema: "Mama, wakati wake wa kunyonya umefika," na umuchukue. Hakuna anayekasirikia mama anayenyonyesha.

Neno la karte. Karte ya chanjo isafiri nawe, katika mufuko wa plastiki, mvua isiiharibu. Kama tarehe ya sindano inaangukia wakati wa safari, mutoto anaweza kuchanjwa kule muliko, kituo kitaandika. Kama imepita, usiogope kugombezwa, uje tu, tutaendelea pale tulipoishia. Surua inapenda safari na mikutano ya watu. Katika inchi yetu, mwaka 2019 na mwanzo wa 2020, surua iliua zaidi ya watu 6000, na wengi wao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mutoto wa miezi 9 asiende kwa kilio au kwa arusi kubwa bila sindano ile.

Na wababa? Wako wawili wamesimama pale mulangoni, ninawaona. Bwana anayetoa feza ya safari atoe vilevile feza kidogo ya dawa, na aiweke katika mukono wa mama, si katika mufuko wake mwenyewe. Wakati ule wa mutoto wangu, kama bwana yangu hangekuwa na feza ya kulipa moto usiku, sijui ningewaambia nini leo.

Basi mizani iko tayari. Mulete karte kwa meza. Yule anayesafiri juma hili aanze mbele, aniambie anakwenda wapi, na kama hana chandarua aseme sasa, asione haya.