Refa, Usajili na Ndoto ya Kupanda

Mtibwa Sugar, mabingwa wa Tanzania Bara wa 1999 na 2000, walishuka daraja 2024. Mwaka uliofuata wakarejea Ligi Kuu pamoja na Mbeya City. Ndiyo maana shabiki wa Championship, ligi ya daraja la pili, hakati tamaa, wala hanyamazi. Refa akikataa penalti, mechi huchezwa upya kijiweni hadi usiku. Sawa, waamuzi hukosea, na kosa moja laweza kukutoa nafasi ya pili, ya kupanda moja kwa moja, likakutupa ya tatu, kwenye mchujo. Lakini msimu una mechi 30! Kabla ya kumlaumu refa, mimi ningeanza na yule straika wa dirisha dogo la usajili anayesugua benchi: nani alimsajili, na kocha aliulizwa?