MAMA ANAYESOMA AMWACHE WAPI MTOTO?

Hotuba kwa wanachama wa matawi ya Moshi



Tumekuja kusema jambo moja, nalo ni malezi ya watoto wa watu wazima wanaosoma na wanaojifunza kazi. Wako watakaosema hilo ni jambo la jikoni, si la siasa. Sisi twasema ni la siasa kabisa. TANU ilipotutajia maadui watatu, yaani ujinga, umaskini na maradhi, haikusema kwamba vita hiyo ni ya wanaume peke yao.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwalimu Nyerere alitaja wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa mwaka 1971. Kilimanjaro ilikuwa mojawapo, pamoja na Pare, Ukerewe, Mafia, Masasi na Tanga. Akina mama waliitika, na wengi walisoma huku mtoto yuko mgongoni. Kisha tangu mwaka 1975 vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa msaada wa Uswidi, na mkoa wetu ukapata vyake, kama Msinga na Mamtukuna.

Lakini, ndugu zangu, kusoma na mtoto mgongoni kwawezekana kwa saa moja ya jioni. Mafunzo ya kazi ni ya kutwa. Nani awezaye kuchomelea chuma au kufunga nyaya za umeme huku mtoto anatambaa chini ya meza?

Wazee mtatuambia, "Bibi yupo." Bibi yupo, kweli. Lakini vihamba vimegawanywa mpaka vimekuwa vidogo, na vijana wameshuka mjini. Bibi aliyebaki Kibosho au Marangu ana majani ya ng'ombe ya kukata na ndizi za kupeleka sokoni, na mgongo wake umechoka. Na binti aliyepanga chumba Njoro au Majengo, bibi yake yuko mbali.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, ana haki ya kunyonyesha mpaka saa mbili kwa siku. Ni jambo jema, lakini ni la mwajiriwa. Anayejifunza kazi hakutajwa. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba warudi masomoni. Tulifurahi. Hata hivyo, mlango ukifunguliwa na mikono ya mtu imejaa, atapitaje?

Njia ipo, wala si ndoto. Katika baadhi ya vyuo vya wananchi mama kijana hupokewa pamoja na mtoto wake, na mtoto hulelewa chuoni wakati mama yuko darasani. Huko Uingereza Serikali huwalipia gharama za malezi wazazi vijana walio masomoni.

Mtu atasema fedha hakuna. Na tupige hesabu. Serikali imekwisha jenga chuo, imemwajiri mwalimu, imenunua cherehani. Mama akiacha mafunzo kwa kukosa mlezi, fedha hiyo yote imemwagika. Mwingine atasema twawafundisha mabinti kuzaa ovyo. Mtoto amekwisha zaliwa! Kumnyima mama yake ujuzi ni kuwatia umaskini wote wawili.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila chuo cha Serikali kinachofundisha watu wazima kiwe na chumba cha watoto na walezi waliofunzwa. Pili, mishahara ya walezi hao itoke Serikalini, isitoke mfukoni mwa mama asiye na kitu. Tatu, haki ya kunyonyesha iandikwe kwa wanafunzi kama ilivyoandikwa kwa waajiriwa.

Nasi tusikae kitako. Shule nyingi za mlimani zilijengwa kwa nguvu za wananchi. Chumba cha watoto hakitatushinda. Kila tawi lihesabu akina mama walioacha mafunzo kwa sababu hii, na hesabu hiyo ifikishwe kwa diwani. Akijibu kwamba atafikiri, turudi tena wiki ijayo.

Uhuru na Kazi!