Nani Atatembea Nyuma?

Juzi vijana wa kanisa letu walitujia baada ya ibada ya asubuhi wakitaka tuwaombee. Siku hizi, kama mjuavyo, vijana wa mijini wamependa sana kutembea milimani. Jumamosi utawaona kule Ngong na fimbo zao, mikoba mgongoni. Hawa wetu walikuwa wamepanga kwenda Nyandarua, ambako kilele cha Ol Donyo Lesatima hufika mita 4,000. Gari walikuwa nalo, chakula kilikuwa tayari, na fulana za rangi moja zilikwisha kushonwa. Tuliwauliza swali moja tu: nani atatembea nyuma? Wakatazamana. Wa kutangulia walikuwa naye, tena wawili walikuwa wakiigombea kazi hiyo. Wa nyuma hakuwako.

Swali hilo hatukulitunga sisi. Tulifundishwa Uingereza, siku moja ya Desemba, juu ya kilima ambacho tulikuwa tumekidharau.

Tulikuwa wanafunzi wawili wa Kenya katika chuo kimoja cha theolojia kule kaskazini. Katika mji ule kulikuwa na chama cha watu wa kutembea, wengi wao wazee waliostaafu, ambao mara mbili kwa mwezi, mvua au jua, hupanda gari la moshi kwenda vilimani. Wakatualika. Tulipouliza ni mlima gani, tukaambiwa Kinder Scout, kati ya Manchester na Sheffield. Urefu wake? Mita 636. Wapendwa, tulicheka. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hata Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote katika Uingereza nzima pamoja na Uskoti, una mita 1,345. Mtu aliyesimama kileleni pake yuko chini ya mtu anayengoja matatu mjini Nairobi. Sisi tuliolelewa tukiitazama Kirinyaga asubuhi, tuogope kichuguu?

Kiongozi alikuwa mama mmoja, muuguzi mstaafu, aliyekaribia miaka sabini. Wenzake walimwita kwa jina lake la ubatizo, kama ilivyo desturi ya Waingereza. Sisi hatukuweza, tukamwita Mama, naye akazoea. Pale stesheni alifungua mkoba wa kila mtu na kutazama: tochi, kipenga, kofia ya sufu, glavu, sweta ya akiba, chakula, chupa ya chai ya moto. Alipofika kwetu alishika suruali zetu za jinzi kwa vidole viwili akatikisa kichwa. Pamba ikilowa maji, alisema, huunyang'anya mwili joto lake. Akatoa suruali mbili za sufu, za marehemu mumewe. Mmoja wetu alivaa. Wa pili alikataa kwa heshima, maana zilikuwa fupi na safarini kulikuwa na mabinti. Msituulize ni yupi kati yetu. Wake zetu husikiliza kipindi hiki.

Jambo la pili lilikuwa saa. Sisi tumezoea kwamba jua likichomoza ni kama saa kumi na mbili, mwaka mzima. Kule mwezi wa Desemba jua huchomoza saa mbili na dakika ishirini hivi, na kabla ya saa kumi limekwisha kuzama. Mwanga wote wa siku ni saa saba na nusu. Mama alikuwa amepiga hesabu ya safari kwa kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja aitwaye Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kisha akatutangazia: saa saba mchana tutageuka, popote tutakapokuwa.

Tulikuwa watu kumi na wanne. Mama alitangulia, na nyuma yake kabisa akawaweka wenye mwendo wa polepole. Mwenye nguvu kuliko wote, mpeleka barua mwenye miguu kama ya punda, aliwekwa mwisho. Sisi tuliona mpango huo umepinduliwa. Na kila tulipopita lango la malisho ya kondoo, Mama alisimama akatuhesabu, kumi na wanne, kama mchungaji mlangoni pa zizi.

Tulishuka stesheni ya Edale. Njiani walitusimulia habari za mwaka 1932. Wakati huo milima hiyo ilifungwa, wenye mali wakiitunza kwa uwindaji wa ndege. Tarehe 24 Aprili mwaka huo mamia ya vijana, wafanya kazi wa viwandani wengi wao, walipanda Kinder Scout bila ruhusa. Watano walifungwa, kati ya miezi miwili na sita. Mwaka 1951 eneo hilo likawa mbuga ya kwanza ya taifa katika Uingereza. Mkenya hahitaji kufafanuliwa sana jambo la watu kufukuzwa mlimani. Tulikaza mwendo kwa heshima kidogo zaidi.

Njia ya kupandia huitwa Ngazi ya Yakobo. Tulifurahi, tukadhani tumefika nyumbani, kwa Mwanzo sura ya 28. Kumbe Yakobo huyu ni Jacob Marshall, mkulima wa karne ya 18, ambaye husemwa kwamba alichonga vidato pale. Yeye alipanda moja kwa moja, farasi wake na mizigo akamwacha azunguke taratibu, naye akamngoja juu. Baadaye tulipoifikiri habari hiyo tulimkumbuka Yakobo mwenyewe, lakini wa sura ya 33. Esau anamwambia twende pamoja, naye Esau ana watu mia nne wenye mbio. Yakobo anakataa. Ana watoto wadogo, ana mifugo inyonyeshayo. Ikiharakishwa siku moja tu, kundi litakufa. Atakuja polepole, kwa mwendo wanaouweza hao. Sura hiyo tulikuwa tumeifanyia mtihani, wapendwa, na tukafaulu vizuri.

Tulikuwa tukienda kuyaona maporomoko ya Kinder Downfall. Upepo wa magharibi ukivuma sana huyarusha maji yake juu, yasianguke. Na baridi ikikaza siku kadhaa, huganda yakaning'inia mwambani kama mishumaa. Juma hilo baridi ilikuwa imekaza. Kati yetu kulikuwa na mzee aliyeyatembelea maporomoko hayo mara nyingi sana, asiyakute yameganda hata mara moja. Magoti yake yalikuwa yamechoka, na daktari alikwisha kumwonya. Siku hiyo aliongea kama mtoto.

Juu ya Ngazi ya Yakobo upepo ulitupiga. Ukungu ukashuka, theluji ikaja ya kulala, wala si ya kuanguka. Mwenzetu wa mbele alionekana kama kivuli. Ardhi ya kule ni mboji nyeusi iliyokatwa na mifereji, na barafu juu yake haikuwa nene. Yule aliyekataa suruali ya sufu alitumbukia hadi magotini. Akatoka akicheka. Alitetemeka kwa muda, kisha akaacha kutetemeka, nasi tukafurahi kwamba amepata joto.

Mama hakufurahi. Mpeleka barua alikuwa amepuliza kipenga kutoka nyuma, naye akarudi. Akamwuliza yule ndugu leo ni siku gani. Ndugu alijibu kwa lugha ya mama yake mzazi, taratibu, kama mlevi, na glavu yake moja haikuwako, wala hakujua. Tangu siku hiyo tumejua: mtu wa baridi anayetetemeka bado anapigana, akiacha kutetemeka bila kupashwa joto, akianza kujikwaa na kukokota maneno, joto la mwili wake linashuka chini ya digrii 35, na hapo akili yake mwenyewe haitamwambia.

Walitoa mfuko mkubwa wa kitambaa, mfano wa hema lisilo na nguzo, wakautandaza juu ya vichwa na kuukalia pindo zake, watu tisa ndani, goti kwa goti, yule ndugu katikati. Waliosalia walijibanza nje nyuma ya mwamba. Walimvua jinzi, wakamvika ile sufu fupi, kofia mbili, wakamnywesha chai yenye sukari kidogo kidogo. Hakuna aliyemsugua miguu, na chupa ya pombe iliyojitokeza mfukoni mwa mtu Mama aliirudisha. Vyote viwili hudhuru. Baada ya dakika kumi ndani mle kulikuwa na joto kama jikoni. Ndugu alianza kutetemeka tena, na Mama akasema sasa vyema.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini. Maporomoko yalikuwa mbele, kiasi cha nusu saa. Bwana mmoja alipendekeza, kwa upole, kwamba wachache wamshushe mgonjwa na wengine waendelee na yule mzee. Twakiri kwamba nasi tulimwunga mkono, maana aibu ilikuwa kubwa. Mama alisema tumekuja kumi na wanne. Bwana yule akafungua kinywa tena. Kabla hajasema, tulimwona mzee amekwisha kugeuka, ameuelekeza uso wake chini, anafunga kamba ya kofia.

Aliteremka akiwa upande wa upepo wa yule ndugu, begani pake, njia nzima hadi kwenye vidato. Magoti yake yalimuuma, tulimsikia. Kila lango tulihesabiwa. Tulifika Edale giza likiingia. Kule huwako vikosi vya uokoaji mlimani, watu wa kujitolea wasiolipwa, ambao mtu akipuliza kipenga mara sita kwa dakika huacha chakula mezani wakaja. Jioni ile walikula chakula chao salama.

Tuliporudi Kenya tulimwandikia yule mzee kumwomba radhi. Mama ndiye aliyetujibu kwanza: mzee hakupanda Kinder tena baada ya siku ile. Kisha ikaja kadi ya mzee mwenyewe, maneno machache kwa mkono unaotetemeka. Habari za maporomoko hakuzitaja. Aliuliza kama yule kijana amekwisha kununua suruali ya sufu inayomfika.